Huyo Sio Nyuki, Mwangalie Usoni

Haya wadau, mvua zimekata, mashona nguo yamechanua kila kona kuanzia Ngaramtoni mpaka Himo, giligilani za bustanini zimepanda maua, na simu yangu imejaa picha za "nyuki wa ajabu" na "nyigu wa ajabu". Nyingi sio nyuki wala nyigu, ni nzi. Kwa hiyo toleo hili tunamalizana na jambo hili moja tu, maswali nimechagua machache na mengine nimeyapunguza maana kuna mtu kaniandikia mpaka historia ya kiwanja chake.

SWALI: Habari za kazi. Mi nakaa Njiro, barazani kwangu kuna nyigu mdogo mwembamba, njano na nyeusi, anasimama hewani palepale hasogei, ukimfukuza anapotea afu baada ya muda kidogo yupo tena palepale. Mwaka jana mwanangu aliumwa na nyigu akavimba jicho zima, saivi nikimuona huyu nafunga mlango. Nipulize dawa? (Mama wa wawili, Njiro, Arusha)

JIBU: Dada pole sana, mtoto akivimba jicho hata mzazi halali. Ila dawa rudisha kabatini kwanza. Huyo anayesimama hewani bila kusogea ni nzi wa maua, ukoo ambao wataalamu wanauita Syrphidae, duniani wameshaandikwa zaidi ya spishi 6,000, hana mwiba, hana sumu na hang'ati mtu. Anayeganda sehemu moja hivyo mara nyingi ni dume, kashikilia kipande chake cha hewa chenye jua anasubiri jike lipite, na dume mwenzake akikatiza anamtimua afu anarudi pointi ileile, ndo maana hata we ukimfukuza anarudi. Nyigu hana muda huo. Nyigu akija barazani ana shughuli, anatafuta pa kujenga au anatafuta viwavi vya kulisha watoto wake, utamuona anazunguka anagusagusa ukuta na boriti huku miguu imening'inia.

Sasa ili usibaki unaamini maneno yangu tu, siku akitua kwenye ua msogelee taratibu, na usianze na mistari ya tumboni. Mistari ndo inayodanganya, kazi yake ni hiyo. Anza na uso. Nyigu na nyuki wana vipapasio virefu viwili vinavyoonekana wazi, vimevunjika katikati sehemu ya kiwiko, na vinachezacheza muda wote. Nzi wa maua vyake ni vifupi mno, vijikipande viwili vimeshuka mbele ya uso na kila kimoja kina unywele mwembamba, kwa macho ya kawaida unaweza usivione kabisa, na kutoviona kwenyewe tayari ni jibu. Afu macho. Ya nzi yamekula kichwa karibu chote, na madume ya spishi nyingi macho yanakutana kabisa juu ya kichwa, majike yanaacha mwanya katikati. Nyigu macho yake yako pembeni, yamebonyea upande wa ndani, katikati kuna uso mpana na chini kuna mataya unayoyaona yakifanya kazi. Nzi hana mataya, ana mdomo laini wa kulamba unaoshuka na kupapasa chavua, na ukikaa hapo ukamwangalia akila utaona anainua miguu ya mbele anaisugua kama nzi yeyote wa jikoni, tabia ya ukoo haifichiki.

Kingine ni kiuno. Nyigu kiuno kimekatika kweli, huyu wako mwili umenyooka, tumbo limebapa, ukimtazama kwa pembeni ni mwembamba kuliko ukimtazama kwa juu. Nikiambiwa nikisie nitasema ni Ischiodon aegyptius, ameenea karibu Afrika yote, mweusi mwenye alama za njano tumboni na mstari wa njano pembeni mwa kifua, ila hukutuma picha kwa hiyo sitakuapia. Mtoto mwonyeshe, aangalie, asishike. Sio kwa sababu ya huyu, ni kwa sababu akizoea kushika ipo siku atashika mwenye mali yake.

SWALI: Mwalimu wetu wa baiolojia alisema nzi ana mabawa mawili na nyuki ana manne. Si nihesabu tu yaishe? (Kidato cha pili, Majengo, Moshi)

JIBU: Mwalimu yuko sahihi na kwenye mtihani andika hivyohivyo. Shida iko huku bustanini. Bawa la mbele na la nyuma la nyuki yameshikana kwa vindoano vidogo, akiruka yanapiga pamoja, akitulia anayalaza mgongoni, kwa hiyo we unaona mawili. Nyigu wale wanaojenga viota vya karatasi chini ya paa ndo kabisa, wanalikunja bawa kwa urefu mpaka linabaki fito. Nzi yeye mabawa ya nyuma yamegeuka kuwa vifundo viwili vyenye vijiti, vinatetemeka akiruka na kumpa taarifa ya usawa wake, hizo breki na kona za ghafla zinatokana na hapo. Ukipata picha ya pembeni iliyotulia unaweza kuviona chini ya shina la bawa.

Na kama una picha kali ya bawa lenyewe, zuumu katikati. Nzi wa maua karibu wote wana mshipa mmoja wa uongo unaopita katikati ya mishipa mingine bila kuungana nayo huku wala huku, unaanza hewani unaishia hewani. Hiyo ni alama ya ukoo, ukishaiona mjadala umeisha.

SWALI: Kijana wangu, mimi nafuga nyuki Uru tangu enzi za mizinga ya magogo. Parachichi zikichanua naona nyuki wanene wa rangi ya kahawia, wapole ajabu, macho yao yana michirizi ya kusimama. Wenzangu wanasema ni mbegu mpya imeletwa kutoka nje. Naomba njia ya kuwaingiza mzingani. (Mzee wa Uru)

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Hao hawaingii mzingani hata ukipaka nta mpaka mlangoni, hawana malkia, hawana masega, kila mmoja anaishi kivyake. Hiyo michirizi ya macho umeniokolea kazi, hakuna nyuki wa asali mwenye macho hayo. Huyo ni nzi anayeitwa Eristalinus taeniops, mwenyeji wa Afrika na nchi za kando ya Mediterania, kwa hiyo habari za mbegu kuletwa waambie wenzako wapumzike, yupo hapo siku zote. Anaiga nyuki wa asali kwa rangi, kwa ukubwa na hata kwa kutua tua kwenye maua, ila macho yamemsaliti. Wako ndugu zake wengine wa Eristalinus ambao macho yana madoadoa badala ya michirizi, ukiwaona usishtuke.

Yupo na binamu anayemzidi kwa uigizaji, Eristalis tenax, huyu ameenea karibu dunia nzima. Anaiga dume la nyuki, na hapo ndo hata mfugaji mkongwe anaweza kusimama akafikiri mara mbili, maana dume la nyuki lenyewe lina macho makubwa yanayokutana juu ya kichwa na halina mwiba. Kwa hiyo kwa hawa wawili macho pekee hayatoshi, rudi kwenye vipapasio. Dume la nyuki lina vipapasio virefu vinavyoonekana, nzi hana. Na dume la nyuki utalikuta wapi kwenye ua? Wewe unajua kuliko mimi, dume linakula mzingani halihangaiki na maua. Ukiona "dume" limekaa juu ya ua la mashona nguo linalamba chavua kwa utulivu, huyo ni nzi.

Alama nyingine ambayo we kwa uzoefu wako utaiona haraka: miguu ya nyuma. Nyuki kibarua akitoka kazini anabeba vibonge vya chavua miguuni. Nzi habebi, chavua inamgandia tu kwenye manyoya ya mwili, anaila palepale na nyingine anaiacha kwenye ua linalofuata. Kwa maana hiyo parachichi lako anakusaidia pia, maua ya parachichi yanatembelewa sana na nzi, hata kama asali hutaipata kwake.

Ila mzee, usije ukaanza kushuku kila nyuki mweusi mweusi. Huko juu mlimani, kwenye msitu wa Kilimanjaro na wa Meru, kuna nyuki wa asali mwenye rangi ya giza na manyoya marefu kidogo, wataalamu wanamwita Apis mellifera monticola, mpole kuliko yule wa tambarare, scutellata, ambaye tabia yake unaijua. Monticola ni nyuki kamili. Akishuka mpaka kwako ana vipapasio vyote na mwiba wote.

SWALI: Naloweka samadi kwenye pipa kwa ajili ya mboga na migomba. Nimefungua juzi nikakuta funza weupe wenye mikia mirefu kama ya panya wanaelea, nikamwaga kila kitu. Mke wangu anasema ni minyoo ya ng'ombe. Ni nini? (Machame)

JIBU: Aisee umemwaga mbolea nzuri. Hao ndo watoto wa wale nzi wa mzee wa Uru, Eristalis na Eristalinus. Mkia sio mkia, ni bomba la kupumulia. Funza anakaa chini kwenye uozo anakula, maji yale hayana oksijeni ya kutosha, kwa hiyo anapandisha bomba juu ya uso wa maji, na kina kikiongezeka anarefusha bomba, linaweza kuzidi mwili wenyewe mara kadhaa. Ndo maana unawakuta kwenye maji ambayo mdudu mwingine angekufa: mashimo ya samadi, mitaro ya maji machafu, madimbwi yanayotoka kwenye mabanda ya ng'ombe wa ndani. Akikomaa anatoka majini anatafuta sehemu kavu, anageuka pupa (ile hatua ya kutulia kabla hajawa nzi kamili) kwenye udongo au majani makavu, afu anatoka akiwa amevaa vazi la nyuki anaelekea kwenye maua. Mwambie shemeji sio minyoo ya ng'ombe na ng'ombe hausiki zaidi ya kutoa malighafi. Mbolea haikuharibika.

Kama unawaona kinyaa funika pipa na chandarua kuukuu, na hiyo nakushauri ufanye kwa sababu nyingine kabisa, mbu. Maji machafu yaliyosimama mbu nao wanayapenda.

Jambo moja nimelikumbuka hapo. Zamani sana watu wa nchi za Mediterania waliamini nyuki wanazaliwa kwenye mzoga wa ng'ombe, unaua dume, unaliacha lioze, baada ya siku kadhaa linatoka kundi. Mwishoni mwa karne ya 19 mtaalamu wa nzi C. R. Osten-Sacken akaja na hoja kwamba walichokuwa wanakiona ni Eristalis tenax, kakulia kwenye uozo wa mzoga, katoka na sura ya nyuki, watu wakahitimisha. Kuna wanaounganisha na kisa cha Samsoni na mzoga wa simba, ila mle kulikuwa na asali na nzi hatengenezi asali, kwa hiyo hapo mi siingii, muulizeni mchungaji.

SWALI: Nina robo eka ya chainizi na kabichi huku Ngaramtoni. Vidukari wamejaa chini ya majani, na katikati yao kuna viwavi vidogo vya kijani havina miguu. Muuza duka la pembejeo kaniambia nipige dawa kali inayomaliza vyote viwili. Nimenunua ila bado sijapiga. (Mkulima)

JIBU: Usipige kwanza, subiri nikuambie hivyo "viwavi" vinafanya nini hapo. Chukua jani moja lenye vidukari wengi, kaa nalo kivulini, mtafute mmoja umkodolee macho. Hana kichwa cha kuonekana, hana miguu, mbele kumechongoka nyuma kumetanuka. Utamuona anainua sehemu ya mbele anaipeleka kushoto, kulia, anapapasa maana hana macho ya kuona, mpaka amguse kidukari. Akishamgusa anamnasa na mdomo, anamnyanyua juu miguu ikining'inia ili asishike jani, na anamfyonza palepale mpaka libaki ganda tupu, analitupa, anaendelea na mwingine. Mmoja tu kabla hajawa pupa anaweza kumaliza mamia ya vidukari. Huyo ni mtoto wa nzi wa maua, yule yule anayemfungisha dada wa Njiro mlango. Ischiodon yumo, Betasyrphus yumo, na wengine.

Kiwavi halisi cha kabichi, yaani mtoto wa nondo au kipepeo, utamjua kwa kichwa kigumu, miguu mbele, na jani limetobolewa. Huyu wa nzi jani halimhusu. Na ukiona vijiyai vyeupe virefu vimetagwa kimoja kimoja karibu na vidukari, ni vyake, mama anajua pa kuacha watoto.

Dawa za kuua kila kitu zinaua huyu pamoja na vidukari, tofauti ni kwamba vidukari wanarudi haraka maana wanazaa bila hata kusubiri dume, yeye anachelewa, na hapo katikati ndo unakuta shamba limeelemewa kuliko mwanzo. Kwa robo eka mi ningefanya hivi: majani yaliyolemewa kabisa ng'oa, sehemu zisizo na hao mabuu piga maji kwa nguvu au maji ya sabuni, sehemu zenye mabuu acha kama wiki moja uone (sabuni nayo inaua mwenye mwili laini, haichagui rafiki). Na kingo za shamba acha giligilani chache zipande maua, usizivune zote, kwa sababu nzi mkubwa halili kidukari, analamba nekta na chavua, na jike bila chavua halipevushi mayai. Hapo Ngaramtoni mna bahati ofisi za mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, TPHPA, ziko mlangoni kwenu, chukua jani na dawa uliyouziwa uwaulize wao kabla ya kufungua kopo.

Na usione ni kajidudu ka bustanini tu. Uingereza walipopima kwa rada, utafiti uliotoka mwaka 2019, walikuta nzi wa maua mpaka bilioni 4 kwa mwaka wanavuka bahari kati ya kusini mwa nchi hiyo na bara la Ulaya, kwenda na kurudi, na watoto wao wanakula vidukari kwa matrilioni.

SWALI: Kama kuiga nyuki kunamkinga na ndege, mbona wengine wanaiga vibaya hivyo? Kuna wengine hata mdogo wangu wa darasa la pili hadanganyiki. (Kidato cha tatu, Moshi)

JIBU: Dogo swali lako wakubwa wamelibishania miaka. Msingi wake uliwekwa na Mwingereza Henry Walter Bates, alikaa Amazoni miaka 11, akarudi na mwaka 1862 akachapisha maelezo ya vipepeo watamu wanaofanana na vipepeo wachungu. Mantiki ni ya mtu aliyevaa sare ya mlinzi bila kuwa mlinzi, kibaka akishawahi kupigwa na mlinzi wa kweli hasubiri kuomba kitambulisho. Miaka 100 mbele, mwaka 1962, watafiti kina Brower huko Marekani wakawapa vyura nyuki wazima wenye miiba. Vyura walioumwa wakaacha kuwagusa hata nzi wa Eristalis, ambao vyura wasiowahi kuonja nyuki waliwala bila shida. Kwa hiyo ulinzi upo, lakini unategemea aliyekula kipigo mapema.

Sasa kwa nini wengine hawafanani sana? Mwaka 2012 watafiti walilinganisha spishi 38 za nzi wa maua na nyuki na nyigu wanaoigwa, wakakuta wakubwa ndo wanaoiga vizuri zaidi. Maelezo yao ni kwamba nzi mdogo ni tonge dogo, ndege hawezi kujihatarisha na mwiba kwa ajili ya tonge hilo, kwa hiyo rangi ya njano kidogo inatosha. Mkubwa analipa, kwa hiyo ndege anamchunguza, na mwenye kasoro analiwa. Mi hilo linaniingia akilini.

Afu ongeza hili la kwetu. Keremkerem, wale ndege wa rangi rangi wanaokaa kwenye nyaya, wanakula nyuki kama kazi, wanamkamata na kumsugua kwenye tawi mpaka mwiba na sumu vitoke. Mbele ya keremkerem kuvaa sura ya nyuki hakukusaidii kitu, umejitangaza mwenyewe.

SWALI: Kuna linyuki kubwa jeusi lenye manyoya, lile linalotoboa boriti. Juzi nimeona moja limekaa kwenye mti mkavu limemshika nyuki linamfyonza. Tangu lini? (Marangu)

JIBU: Halijaanza leo, ni kwamba sio lenyewe. Mtoboa boriti wa kweli, Xylocopa, anakula nekta na chavua. Ulichoona ni nzi mwindaji wa kundi la Hyperechia, huyu sio nzi wa maua, ni ukoo mwingine, Asilidae. Anamuiga Xylocopa kwa rangi na manyoya, anawinda nyuki na wadudu wengine, na buu lake linakulia ndani ya mbao hizohizo likila watoto wa Xylocopa. Kumtambua: anakaa kwenye kijiti kikavu akisubiri, vipapasio vifupi, usoni kuna mdomo mgumu uliochongoka. Huyo usimshike, hana mwiba ila ule mdomo unatoboa.

Na kwa kuwa mko kwenye kahawa, kuna mwingine atakayewachanganya: mdudu mnene wa kijani mwenye mabawa ya kupitisha mwanga, anaelea mbele ya maua mchana kweupe anavuma. Ni nondo, Cephonodes hylas. Kiwavi chake kinakula majani ya kahawa, kwa hiyo huyo sura nzuri isikulegeze.

SWALI: Nimempiga picha nyigu mwenye kiuno chembamba na vipapasio virefu, ila macho ni ya nzi. Kanuni yako ya uso imegoma. (Usa River)

JIBU: Haijagoma, umekutana na fundi. Kuna kundi la nzi wa maua linaitwa Cerioidini, ndo waigaji wa nyigu walio makini kuliko wote, vipapasio vimepandishwa kwenye kijishina mbele ya uso ili vionekane virefu, kiuno kimebanwa, na ukingo wa mbele wa bawa umetiwa giza ili lionekane ni bawa la nyigu lililokunjwa. Kwa picha yako hesabu pingili za kipapasio. Nyigu anazo nyingi fupi fupi, 12 au 13. Huyu wako kwa jinsi ninavyomuona ana tatu tu ndefu na kincha kidogo mwishoni. Hongera, hawaonekani kila siku, hiyo picha usiifute.

Wako wengine wenye vipapasio vifupi wanaotumia mbinu tofauti, wanainua miguu ya mbele na kuichezesha mbele ya uso ili ionekane ni vipapasio. Na wapo ambao ukiwashika wanakunja tumbo wanakusukumia mkiani, wanajifanya wanachoma, na mtu mzima unawaachia tu.

SWALI: Natumia apu ya iNaturalist ila kila nikiweka picha inanipa majina tofauti, mara nyuki, mara nzi wa Ulaya. Nimekutumia picha tano nisaidie. (Sakina, Arusha)

JIBU: Apu inakisia kwa kufananisha na picha ilizonazo, na picha nyingi ni za Ulaya na Marekani. Ukiona imekuletea Volucella bombylans kataa hapohapo, yule anaiga nyuki wa manyoya wa kundi la Bombus, na Afrika kusini mwa Sahara hao Bombus wa asili hawapo, angemuiga nani. Chagua jina la ukoo tu, Syrphidae, weka mahali na tarehe sahihi, subiri watu wanaojua wakusogeze mbele.

Picha moja ya mgongoni haitoshi. Piga ya juu, ya pembeni, na ya uso, na kama bawa limefunguka piga na bawa. Nenda asubuhi, hasa miezi hii ya baridi ya sita na ya saba, jua likianza tu kugusa majani utawakuta wamekaa wanaota joto, hawana nguvu ya kukimbia, saa sita mchana utabaki unapiga picha maua matupu. Kivuli chako kisimpite, ndo kinachomtoa mbio.

Zako tano nimeziangalia. Ya kwanza na ya pili ni Eristalinus, michirizi ya macho inaonekana safi. Ya tatu ni nyuki wa kawaida kabeba chavua. Ya nne imetikisika lakini kwa lile tumbo bapa ni nzi wa maua, zaidi ya hapo siwezi kusema. Ya tano ni kidole chako, rudia.